Kiti cha Eda Hakiko Njiani

Kosa ni langu, ndugu zangu. Simsingizii shetani wala mtandao. Naandika bila jina kwa sababu hapa Songea tunajuana, na aibu niliyo nayo inanitosha.

Jirani yangu hapa Matogoro ana binti wa miaka tisa, nitamwita Eda. Miguu yake haina nguvu. Mama yake humbeba mgongoni kumpeleka shule, na mtoto anazidi kuwa mzito. Jumuiya yetu ya kanisani ikaamua kumchangia kiti mwendo.

Kazi ya kuagiza nikapewa mimi. Si ndimi mjuaji wa simu! Hereni na pochi zangu zote naagiza nje. Kiti nikakiona, bei nzuri ajabu, nikaitangaza baada ya sala. Mwenyekiti akauliza, "Na usafiri je, mama?"

Nikacheka! "Mwenyekiti, mambo ya mtandao niachie mimi. Bei ndiyo hiyo."

Ole wangu! Chini ya ile bei kulikuwa na maandishi madogo kwamba usafiri utahesabiwa baadaye. Niliyaona. Nikayapita, maana hereni zangu zilikuwa zinaletwa kwa hela kidogo tu.

Watu walichanga, wengine waliuza mahindi ya chakula. Nikalipa. Ndipo wakala wa mizigo akanipigia: "Dada, sisi tunapima ukubwa wa boksi, siyo uzito. Hili lako kubwa." Alichotaja kilizidi mara mbili ya bei ya kiti! Muuzaji naye akakataa kurudisha hela. Kiti kimelala kwenye ghala la watu huko ng'ambo, na ghala nalo linadai.

Ningesema siku ile ile, yangeisha. Lakini kwetu mchango unaombwa mara moja, na mwenyekiti nilishamcheka mbele za watu. Nikasema kiti kiko njiani.

Sasa sikieni nilichofanya. Masista walikuja parokiani na kiti kimoja cha msaada, wakamwita mama Eda. Akasema, "Asanteni sana, Sista, ila cha kwetu kiko njiani. Mpeni mwenye shida zaidi." Akanigeukia, akatabasamu.

Nami nikatabasamu! Mdomo nilikuwa nao, nikanyamaza. Kiti kikaenda kwa mtoto mwingine, huko Namasakata.

Siku hizi napita njia ya nyuma nisionekane kwao. Eda akiniona anapaza sauti: "Shikamoo mama mdogo! Kimefika wapi?" Namjibu kimefika Dar. Mungu wangu, namdanganya mtoto!

Juzi mama yake kaniletea mto alioushona kwa vipande vya kitenge, nimtunzie usichafuke mpaka kiti kije. Uko juu ya kabati langu. Nikiutazama natamani ardhi inimeze.

Wenzangu, nawasihi! Ukionyeshwa bei kwenye simu, uliza ya mpaka mlangoni kabla hujapokea shilingi ya mtu. Na ukiulizwa swali, usicheke.

Jumamosi jumuiya inasali kwangu. Nataka kuuweka ule mto katikati yao, niseme yote. Naogopa. Nikishindwa tena, mama Eda ataendelea kumbeba binti yake mgongoni, na kila jioni ataendelea kuniombea heri.