Bibi Harusi Aliyeletwa Msibani

Siku ya pili ya msiba wa bibi yangu, baba mkubwa Sahala alishuka kwenye gari na bibi harusi.

Si wake. Wa mdogo wake!

Kwetu Balige, mzee akifa watoto wake wote wakiwa na ndoa, anazikwa kwa heshima ya juu. Ngoma za gondang zinapigwa, ukoo mzima unacheza kuzunguka jeneza. Akibaki kapera hata mmoja, heshima inashuka na ngoma hazipigwi.

Kapera wetu ni baba mdogo Jongkas. Hana mke, hana gari, ana filimbi yake ya mianzi. Ndiye aliyemwogesha bibi na kumlisha, na kila jioni alimpulizia filimbi mpaka alale. Bibi alimwambia mbele yangu, "Nikifa usinililie, wewe. Nipulizie."

Sasa huyu bosi wa Jakarta, ambaye mama yake alikuwa anamwona kwenye simu tu, kaja na miwani ya jua mpaka mbele ya jeneza. Kaita wapiga gondang, kaita na mpiga picha.

"Unafunga ndoa leo," akamwambia Jongkas. "Huyu ni karani wangu, nimeshaongea naye. Ukikataa, hiyo filimbi nisiisikie hapa. Umemwaibisha mama vya kutosha."

Baba mdogo akamtazama yule dada. Masikini, kakumbatia mkoba.

"Dada, umekula?"

"Bado, kaka."

"Nenda jikoni, kuna nyama. Hapa huolewi."

Baba mkubwa akawaka. "Mbinafsi mkubwa wewe!"

Nikashindwa kuvumilia. "Baba mkubwa, bibi anaumwa ulikuwa wapi?"

"Nyamaza, Rotua. Watoto hawaongei."

Mtoto mwenyewe nina watoto wawili. Haya bwana.

Wazee wakakaa kikao, na wakwe upande wao. Baba mkubwa akasimama, akajikohoza.

"Kizuizi ni mtu mmoja tu. Naomba huyu Jongkas asihesabiwe kuwa mtoto wa nyumba hii."

Jongkas akainamisha kichwa, filimbi mapajani. Niliumia jamani. Mtu amemuuguza mama yake, leo anafutwa kabla hajamzika.

Ndipo akanyoosha mkono Mzee Gumontang, baba yake mama mkubwa Rosinta, yaani mkwe wa Sahala. Alialikwa na baba yangu, ambaye kwa kawaida hata salamu anaitikia kwa kichwa. Mila inataka wakwe wote waitwe.

"Makapera ni wawili," mzee akasema.

Akamgeukia mkwewe.

"Sahala, ulimtorosha binti yangu mkaoana hukohuko mjini. Nimezeeka nikikusubiri uje ukae kwenye mkeka wangu, nikulishe samaki, niwafunike shuka la ulos wewe na mkeo. Hujaja. Kwa mila hiihii unayotuhubiria, wewe hujaoa."

Mtu akapaliwa na kahawa.

Mama mkubwa akainuka. Tukadhani anakwenda kumtetea mumewe. Akaenda kukaa kando ya baba yake.

Baba mkubwa akakaa chini. Shwaini! Nilifurahi, sitaki kuwadanganya.

Wazee wakakata shauri: gondang haipigwi. Wapigaji wakaanza kufunga ngoma zao.

"Na filimbi?" baba yangu akauliza.

"Filimbi nani kaikataza?" akajibu Mzee Gumontang.

Jongkas akapuliza wimbo aliokuwa akiuimba bibi akipepeta mchele. Baba akaanza kucheza, mama akafuata, binamu wakafuata, nami nikaingia. Nililia huku nacheza, na kwa mara ya kwanza tangu bibi afe, kifua kikaachia. Yule karani alitoka jikoni na bakuli lake, akasimama analia nasi.

Baba mkubwa aliingia mwisho kabisa, bila miwani. Alicheza vibaya, hata wimbo wa mama yake haujui. Jongkas akamsogelea, akampulizia polepole mpaka miguu ikaushika.

Mwezi uliopita Sahala alikwenda kwa mkwe wake na mvi zake, akakalishwa mkekani kama kijana. Aliyempulizia filimbi ni nani? Jongkas, kapera wetu.

Nyani haoni kundule. Ndugu zangu, mzazi mwimbieni angali anasikia. Hayo mengine ni mbwembwe za walio hai.