Nilimpita Rejina Mlimani

Nakumbuka siku moja niliyokuwa juu ya Ruwenzori, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka najikasirikia. Kaa unisikilize mpaka mwisho. Leo sina maneno matamu.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo hapa Kisangani, binti wa wavuvi wa maporomoko, mwenye miguu migumu na kichwa kigumu kuliko miguu. Tulikwenda wanafunzi wanne kukusanya mimea ya milimani, mmoja wetu Rejina, rafiki yangu wa tangu utoto. Aliyetuongoza ni mzee wa Mutwanga, kijiji cha chini ya mlima, Papa Kambale, aliyezeekea kwenye njia ile.

Siku ya tatu ndiyo iliyokuwa ndefu. Kabla hatujaondoka, Papa Kambale aliniita kando.

"Wewe uko na nguvu," akasema. "Leo utakuwa mutu wa mwisho. Usipite mutu hata mumoja. Akisimama, na wewe unasimama."

Nikaitikia, "Ndiyo, papa," huku nimenuna. Nguvu zote hizi, niburutwe nyuma kama mkia? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wazee walisema. Mimi guu langu lilibaki zima, akaumia mwingine.

Tulipanda matope ya kufika magotini, kati ya miti iliyoota ndevu za kijani. Sisi watu wa mto hatukuzoea baridi ile wala pumzi haba ile. Adhuhuri Rejina akashikwa na kichwa. Akatapika. Akawa anakwenda hatua kumi, anakaa. Wenzetu walikuwa wametangulia na mzee, hata sauti zao hazisikiki, na ukungu unashuka na mvua. Nikamwambia anadeka. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa kinywa hikihiki kinachokuombea. Kisha nikampita. Njia ni moja, nikajisemea, atafika.

Nilifika kwenye kibanda cha kulala najivuna. Papa Kambale alikuwa akichochea moto. Akatazama nyuma yangu.

"Mwenzako iko wapi?"

"Iko anakuja. Yeye mwenyewe aliniambia nitangulie."

Uongo mtupu.

Mzee hakubishana. Alichukua blanketi, akanishika mkono, tukarudi mvuani. Tulimkuta Rejina nje ya njia, chini ya jabali, kiatu kimoja hana, anaongea na mama yake kana kwamba yuko nyumbani. Mimi hakunitambua. Dawa ya ugonjwa ule wa milima mirefu ni kushuka, basi Papa Kambale akambeba mgongoni, tukashuka mpaka kibanda cha chini, mimi nikibeba mizigo na kulia.

Asubuhi akili zilimrudia, na wenzetu wawili wakashuka kutufuata. Mzee akamuuliza mbele yetu sote kama ni yeye aliyeniambia nitangulie. Rejina akanitazama.

"Nilimwomba aningoje," akasema. "Mara mbili."

Papa Kambale akanigeukia. "Kumupita, tuseme ni utoto. Lakini ulinidanganya wakati mutu iko anakufa. Kama ningekuamini, leo tungebeba maiti." Hakunisemesha tena mpaka Mutwanga.

Rejina alipona. Amenisamehe, au anasema hivyo. Lakini sisi sasa ni wazee, na hata tukienda sokoni hakubali nitembee nyuma yake.

Sasa wewe. Jumamosi mlikwenda matembezi Masako, mkamwacha mwenzenu Neema msituni na mguu umeteguka. Mama yake alipokuuliza, ukajibu, "Bon, basi, alikataa kuendelea." Mtoto wa watu ameletwa barabarani na wakulima wasiomjua hata jina! Usinipandishie mabega. Nina hasira nawe, na inazidi kwa sababu uongo huo naujua. Niliusema kabla hujazaliwa.

Shika haya. Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliyechoka. Ukiachiwa mtu umwangalie, usimpite, hata mvua ikulowanishe mpaka mifupani. Na ukimpita kwa ujinga, sema kweli palepale, maana kila neno la uongo linamcheleweshea msaada. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwenzako anaweza kufa kabla haijaisha. Leo, kabla hujala, nenda kwa Neema, ukaseme mbele ya mama yake ulichofanya. Usiseme "tulifanya". Sema "nilifanya".

Mungu aitie miguu yako nguvu, mwanangu, na moyo wako huruma. Siku utakayochoka wewe, akupe mtu atakayekungoja. Haya, vaa viatu.