Kiti Alichokimwagia Saruji

Watu walimwita Kimya kwa sababu mdomo wake haukupumzika tangu afungue duka mpaka afunge. Vinyozi wa aina ile wamekwisha. Siku hizi unanyolewa na kijana mwenye nyaya masikioni, hajui wala hataki kujua wewe ni mtoto wa nani.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu ukutani na kiti cha chuma chenye mto wa ngozi nyekundu, kinachopanda ukikanyaga pedeli. Alikirithi kwa bwana aliyemfundisha kazi. Mkewe alizoea kusema, "Mke mwenzangu huyo. Afadhali yeye halali nyumbani."

Mwenye nyumba alikuwa rafiki yake. Walikubaliana kwa kushikana mikono tu: "Kaa hapa mpaka uchoke mwenyewe, ndugu yangu." Kodi ililipwa, na kila wiki mzee yule alikuja kunyolewa ndevu bure. Huo ndio uliokuwa mkataba. Leo ukisema hivyo, watu wanakutazama kama umefufuka.

Kisha mzee akapata kiharusi, mwanawe akashika funguo za majumba. Akaja na karatasi zilizobanwa pini.

"Mzee wangu, weka sahihi. Ni utaratibu tu."

"Baba yako anajua?"

"Mpangaji ni wewe, siyo baba."

Mke wa Kimya akamsihi. "Baba Watoto, tafuta mtu wa sheria akusomee kwanza."

"Nisomewe, mimi kipofu?" Akasoma ukurasa wa kodi, akaona haikupanda, akasaini. Kurasa nyingine hakuzigusa.

Hofu yake ilikuwa kiti. Aliona kijana alivyokizunguka, alivyokibonyeza mto, alivyokipiga picha kwa simu. Wenye maduka mapya wanapenda vitu vya kale kwa mapambo; mafundi wa vitu hivyo hawawataki. "Huyu atakibeba nikigeuza kisogo," Kimya akasema. Akachimba sakafu, akaingiza miguu ya kiti, akamwaga saruji mpaka boliti zikazama. Ilipokauka, akakipiga teke. Kiti hakikutikisika.

"Haya, na aje sasa."

Kijana akaja kweli, mkononi ana notisi. Mkataba ulimruhusu kumtoa kwa taarifa ya miezi mitatu, na mwenye saluni mpya alikwishapatikana. Kimya akakimbilia kwa wakili wa msaada wa sheria, mama mmoja mwenye miwani puani, ambaye alisoma kila ukurasa bila haraka.

"Hapa wamesema, chochote mpangaji atakachokifunga ukutani au sakafuni ni mali ya jengo. Na hapa, makubaliano yote ya mdomo yamefutwa. Kiti kilikuwa chako, mzee wangu. Umewapa mwenyewe kwa ndoo ya saruji."

"Sasa?"

"Jengo bado liko kwa jina la baba mtu. Yeye akisema ukichukue, hakuna wa kukuzuia."

Siku ya kukabidhi duka, mzee akaletwa kunyolewa mara ya mwisho. Alikalishwa kitini, mkongojo mapajani, Kimya akakipandisha kwa pedeli. Mwanawe akasimama mlangoni akichezea funguo. Kimya akampaka sabuni mashavu yote mawili, kidevu na shingo, taratibu kama zamani. Kisha akashika wembe, lakini hakuanza kunyoa.

"Kaka, mwambie mwanao. Kiti hiki cha nani?"

Mzee akatazama kioo. Hakumtazama Kimya humo. Alimtazama kijana wa mlangoni, anayemlisha na kumvalisha.

"Mambo ya majumba ni yake," akasema. "Mimi ninyoe tu."

"Uliniambia nikae mpaka nichoke."

"Zamani hizo."

"Umesikia, mzee wangu," kijana akadakia. "Kilichoshikamana na jengo ni cha jengo. Malizia kazi utupishe."

Kimya akaufuta wembe kwa taulo, akaukunja, akautia mfukoni. Akachukua brashi, bakuli, shuka na mikasi, akavitia kwenye mfuko. Kioo akakiacha ukutani.

"Unakwenda wapi?" mzee akauliza, povu likimdondokea kifuani. "Na sabuni hii je?"

"Imeshikamana na jengo," Kimya akasema. "Ni yenu."

Akampita kijana mlangoni bila kumsalimu. Nyuma yake alisikia pedeli ikikanyagwa, mara moja, mara ya pili. Kiti kile kilikuwa na namna yake ya kushuka, na hakuna aliyewaonyesha.