Jiwe la Stroberi

Nesi wa zahanati aliponiambia sukari yangu imepanda, nilimjibu kwamba hata petroli imepanda na bado naendesha gari. Hakucheka. Nikarudi nyumbani nimenywea, nikaapa kuacha vile vipande vya sukari ninavyobana menoni ninywapo kahawa. Kilichobaki cha kunifariji ni friza mbili zilizojaa stroberi za kiangazi kilichopita. Basi nikajiteua fundi wa aiskrimu isiyo na sukari, mimi Oiva, dereva mstaafu wa greda la theluji, ambaye mapishi yangu yote yaliishia kwenye viazi.

Kusema kweli, afya ilikuwa nusu ya sababu. Binti yangu Riikka huja kila Jumapili, anavua viatu mlangoni, anaweka dawa zangu mezani, anakunywa kahawa kasimama, na funguo za gari haziachi. Kumwomba akae siwezi. Sisi watu wa Kuhmo, huku Ufini, hatuombani hata chumvi. Nikafikiri nikimwekea kitu kitamu, pengine atakaa mwenyewe.

Nikasaga stroberi kwa blenda, sukari sikutia hata chembe, nikagandisha. Jumapili nikalileta bakuli kwa madaha ya bwana harusi. Kijiko kikapinda. Nikachukua kisu cha samaki, kikateleza, kikanikosa kidole. Nikaenda stoo kuleta kekee ninayotobolea barafu ya ziwa nikienda kuvua. Ziwa halijawahi kunishinda, nikashindwa na bakuli.

"Baba, weka hiyo kekee chini," Riikka akasema. "Utatoboa meza ya bibi. Kaa, tungoje iyeyuke."

Naye akaketi. Tukaikodolea macho ile stroberi kama watu wanaongoja basi. Mimi mazungumzo sina. Riikka, bila kuniangalia, akasema, "Mimi na Jukka tumeachana. Tangu Pasaka."

Nikatoa hotuba ndefu kuliko zote maishani mwangu: "Aa." Kisha nikamsogezea bakuli. Akaligonga kwa kijiko, bado gumu, akaendelea kusimulia. Alipomaliza, maji mekundu yalikuwa yamejaa pembeni, tukala. Ilikuwa chachu hata jicho linafumba. Akaongeza mara mbili.

Kesho yake nikamsimulia jirani yangu Aune habari ya bakuli. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"We mzee, umefyatua tofali," akasema. "Sukari ndiyo inayolainisha. Ukiitoa, ponda ndizi mbivu, tia maziwa mgando, na ukoroge kwa uma kila inapoanza kuganda."

Nikafuata, shingo upande. Ikatoka laini ajabu. Nikaila peke yangu jikoni na kujiona profesa.

Lakini Jumapili nikamtolea Riikka jiwe. Na Jumapili iliyofuata vilevile. Akanieleza habari za chumba alichopanga na usingizi uliomkimbia, nami nikamjibu "Aa", na siku moja hata "Aa, kumbe." Nilikuwa na furaha isiyo na adabu, mtoto wangu analia nami naomba barafu isiyeyuke upesi. Ile laini niliificha kwenye friza chini ya samaki. Kupata si kwa werevu. Nilikuwa nimempata binti yangu kwa ujinga, sikuona sababu ya kuharibu mambo kwa elimu.

Njia ya mwongo fupi. Jumapili moja Riikka aliingia, akaenda mwenyewe kwenye friza kabla sijainua magoti yangu. Nikasikia samaki wanasogezwa. Alipogeuka, alikuwa na kasha mkononi na kijiko kimezama ndani bila kupingwa. Akaonja. Masikio yakanichoma. Nikaanza kutunga uongo wa kumsingizia Aune, ingawa Aune angenikana kabla sijaumaliza.

"Hii ya lini, Baba?"

"Ya jana," nikasema. Kisha, kwa kuwa alizidi kunitazama, nikaongeza, "Nimejua kuitengeneza tangu Juni."

Akalifunika kasha, akalirudisha chini ya samaki, akatoa lile jiwe na kulitua mezani kwa kishindo. Akavuta kiti.

"Laini kula mwenyewe," akasema. "Mimi leo nina mengi."