Mume Aliyeokotwa Kochini

Pale kituo kikuu cha mabasi, nyuma ya madirisha ya tiketi, kuna chumba chenye mlango wa kijani na kaunta iliyolika kingo. Humo alifanya kazi mwanamke ambaye kila mtu alimwita Mama Vipotevu. Chochote abiria alichokisahau kwenye basi kiliishia kwake: miavuli, makoti, viatu vya mguu mmoja, beseni la kuogeshea mtoto, na kuna siku yaliletwa meno ya bandia yamefungwa kwenye leso kwa heshima zote. Alivipenda vitu hivyo. Alivipangusa vumbi na kuvisemesha. "Na wewe mwavuli, mwenyewe yuko wapi? Mvua yote hii analoa tu?"

Tatizo lilikuwa vituo vidogo vya njiani, ambavyo navyo vilikuwa na vipotevu vyao. Makarani wa huko walipiga picha kila kitu walichookota, wakaandika chini yake ni kitu gani, kimeokotwa wapi na kiko katika hali gani, kisha wakairusha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni aliyoifungua Mama Vipotevu, ambayo wote waliiita wingu. Mama Vipotevu alifanya vivyo hivyo kwa simu yake mwenyewe. Wingu lilijaa likafurika, lakini halikumsaidia mtu. Abiria akija kuulizia kofia, Mama Vipotevu alifungua picha moja baada ya nyingine mpaka kidole kikafa ganzi, huku foleni ikifika nje na watu wakiguna.

Mtu aliyemtoa kwenye adha hiyo ni wifi yake, dada wa mumewe, mhasibu mwenye ulimi mwepesi na kicheko cha kutikisa madirisha.

"Wifi," alimwambia kwenye simu, "kwa nini usiliunganishe hilo wingu na jedwali la mtandaoni? Linavuta kila kitu lenyewe. Karani wa huko akitupia picha, kwako mstari unaongezeka. Halafu unawapa abiria kiungo, wanatafuta vitu vyao wakiwa kwao."

"Bila mimi kuandika?"

"Bila kugusa kitu. Wewe kunywa chai."

Mchana huo, foleni ilipokatika, Mama Vipotevu alifunga mlango, akavuta kiti mbele ya kompyuta na kuweka simu sikioni. Wifi alimwelekeza. Afungue jedwali jipya. Aende kwenye menyu ya data. Achague kuunganisha na hifadhi. Kompyuta ikamuuliza kama anaruhusu jedwali lisome vilivyomo kwenye wingu lake. "Ruhusu!" alipiga kelele wifi. Akaruhusu. Ikamuuliza lijisasishe kila baada ya muda gani. Akachagua kila saa. Tena, ili wenye mali waweze kujitambulisha, akaruhusu wasomaji waandike maoni pembeni ya kila mstari.

Mwisho ikamuuliza lisome folda ipi. Wakati huo wifi alikuwa ameitwa na bosi wake na simu imekatika. Mama Vipotevu alitazama folda zilizojipanga, moyo ukimdunda kama wa bibi harusi. Ya juu kabisa iliandikwa "Picha Zote".

"Zote ndiyo nzuri," alijiambia. "Nani anataka nusu?" Akabonyeza.

Kwa muda jedwali lilibaki jeupe. Kisha mistari ikaanza kumiminika. Kofia! Begi jeusi! Kitabu cha hesabu! Fimbo ya kutembelea! Vitu vya vituo vyote, kila kimoja na picha yake, mahali pake na hali yake, vikashuka kwenye skrini kama mtama kutoka kwenye gunia lililotoboka. Mama Vipotevu alipiga kigelegele. Wakata tiketi walikimbilia chumbani wakidhani kuna moto, wakamkuta anacheza peke yake na koti la mtu.

Meneja naye alikuja, mtu wa maneno machache. Akatazama, akaafiki kwa kichwa, na kabla jua halijazama kiungo kilikuwa kimebandikwa kwenye mbao za matangazo za vituo vyote.

Kesho yake asubuhi simu ilimkuta anafungua mlango. Alikuwa wifi. Alikuwa anacheka, anavuta pumzi, anacheka tena.

"Wifi, una nini? Umeumwa na kitu?"

"Kaka yangu..." alisema wifi. "Kaka yangu ameokotwa!"

Tukumbuke kwamba simu ya Mama Vipotevu ndiyo iliyopiga picha za kazini, na hiyo hiyo ndiyo iliyopiga za nyumbani. Zote zilipanda kwenye wingu moja, kila kundi kwenye folda yake, nayo "Picha Zote" ilikuwa mama wa folda zote. Tena alikuwa na tabia moja: kila picha aliyopiga ili amtumie wifi yake kwa utani, aliiandikia maelezo kama ya kipotevu. Mama Vipotevu aliwasha kompyuta. Akashuka na mistari. Kati ya mwavuli wa bluu na pampu ya baiskeli, mumewe alikuwa amelala chali, mdomo wazi, soksi moja mguuni.

KITU: Mume. KILIPOOKOTWA: Kochini, sebuleni. HALI: Amechakaa kidogo, bado anafanya kazi.

Na pembeni, abiria walikuwa wamejaza maoni.

"Mwenyewe asipotokea, mimi nipo."

"Anauzwa na kochi?"

"Je, akiamka yukoje?"

"Wangu alipotea na soksi ya rangi hiyo hiyo. Naomba nije nimwone."

Mama Vipotevu aliweka kichwa juu ya kaunta. Aibu ilimpanda, akataka ardhi ipasuke. Kisha akasoma tena lile la kochi, na kicheko kikamtoka puani. Alikuwa bado anajifuta machozi simu ilipolia tena. Mama mkwe.

"Mwanangu," alisema bibi huyo kwa sauti ya upole, "nimeambiwa kijana wangu mmemwokota. Mimi nilimzaa hajachakaa hata kidogo. Huko kuchakaa kumetokea kwako."

"Mama, nisamehe, ni kompyuta..."

"Sisemi kitu. Nauliza tu kama nije na risiti." Na bibi naye akaangua kicheko mpaka simu ikakatika.

Foleni ilikuwa imeshafika barabarani. Wengine walikuja kuchukua vitu vyao, wengine walikuja kuona tu. Katikati yao, sanduku la vifaa mkononi na ovaroli ikiwa na madoa ya mafuta na grisi, alisimama fundi wa majokofu. Mumewe. Alikuwa ameambiwa na mteja wake wa kwanza wa siku, yeye mwenyewe akiwa ameingiza kichwa ndani ya friji.

Mama Vipotevu alimwona toka mbali. Mume hakuruka foleni. Alisubiri zamu yake kama mtu mwingine, akafika kaunta, akakohoa.

"Habari ya kazi, dada. Nasikia mmeniokota. Nimekuja kujichukua."

Mama Vipotevu alimtazama usoni kutafuta hasira. Hakuiona. Aliona mdomo uliobanwa ili usicheke. Basi naye akajiweka sawa.

"Utaratibu wetu, kaka, anayedai kitu lazima ataje alama ya kukitambulisha."

"Kovu kwenye kidole gumba," alisema mume, akikiinua watu wote wakione. "Nilijibana na mlango wa jokofu siku uliponikubali. Nilikuwa natazama simu nisome tena ujumbe wako."

"Mpe!" walipiga kelele watu wa foleni. "Mpe mtu wake!"

"Nitahakikishaje kwamba hutajipoteza tena?"

"Mimi sikupotea, mke wangu. Nililala tu."

Kelele zilizolipuka hapo zilimtoa meneja ofisini. Watu walimpisha. Akaja mpaka kwenye kompyuta, akausoma ule mstari wote pamoja na maoni, uso mkavu. Akamgeukia fundi, akampima kwa macho toka kichwani hadi viatuni.

"Hali wameiandika vizuri," alisema. Ndipo bega lake moja likaanza kutikisika, halafu la pili, na mtu yule wa maneno machache akalazimika kushika kaunta.

Alipopata pumzi alimwagiza Mama Vipotevu arekebishe. Wakiwa wote wamemzunguka, Mama Vipotevu aliukata ule muungano, akaanza upya, na safari hii akachagua folda ya vipotevu peke yake. Jedwali likatulia, kisha likajaa tena. Mwavuli wa bluu ulikuwepo. Chini yake, pampu ya baiskeli.

"Mmeshanifuta?" aliuliza mume, na sauti yake ilikuwa na kahuzuni kidogo. "Yule aliyeuliza nikiamka niko vipi sijamjibu."

Siku hiyo watu walibeba vitu vyao vingi kuliko siku yoyote. Waliokuja kumcheka fundi walikuwa wamepitia mistari yote wakimtafuta, na njiani wakakutana na mabegi na miwani waliyokwisha kuikatia tamaa. Mzee mmoja aliikumbatia fimbo yake kama ndugu aliyerudi. Jioni rafu zilikuwa na nafasi ambazo Mama Vipotevu hakuwahi kuziona, akagundua kuwa ukuta wa nyuma ulikuwa umepakwa rangi ya pinki.

Walirudi nyumbani pamoja kwa miguu. Kila kona mtu alimpigia fundi kelele, "Bwana, umepatikana?" naye akainua kidole gumba juu. Walipofika kwenye duka la mkate, muuzaji alimuuliza Mama Vipotevu kama kweli mumewe bado anafanya kazi. Mama Vipotevu alitaka kujibu akashindwa, akaegemea ukuta akicheka, na mumewe akaegemea hapo hapo karibu naye, mkate ukiwasubiri juu ya kaunta.