Chuma cha Nyonga ya Yanelis

Odalis alikulia katika karakana ya baba yake, mtaani Guanabacoa, akisugua matarumbeta ya bendi mpaka mtu anajiona meno. Kazi hiyo ilipokufa, akachukuliwa na karakana inayotengeneza vyuma vya kutiwa mifupani. Siku ya kwanza tu, mhandisi Belkis alimnyang'anya kitambaa.

"Dada, hapa hatung'arishi. Mfupa ni kama mmea unaotambaa, haupandi ukuta laini. Kiache chuma kikwaruze, mfupa upate pa kushika."

Akatii miaka yote. Watu wakatembea.

Kisha ngazi ya jengo alimoishi Odalis, iliyokwisha kuoza kwa mvua na chumvi, ikaporomoka na binti yake Yanelis akiwa juu yake na ndoo ya maji. Nyonga ikasagika. Chuma chake, chenye jina lake, kikapita mezani kwa Odalis, kimekwisha kaguliwa, kinangoja kutiwa pakitini tu. Akakipapasa. Kilikwaruza kama ulimi wa paka. Na huyu ndiye mtoto aliyekuwa akilia lebo ya nguo ikimkuna shingoni! Kitu hiki kikalale ndani ya nyama yake? Akasugua kidogo. Akasugua tena. Alipoacha, kiling'aa.

Miezi ikapita tangu atiwe chuma, Yanelis bado yuko kwenye magongo.

"Mama, kinacheza. Nikikanyaga nakisikia kinazama."

"Uoga huo. Kuku wa jirani ana mguu mmoja na anakushinda mbio."

"Basi mpe yeye chuma changu."

Walicheka wote wawili. Usiku Odalis hakulala.

Ikabidi apasuliwe tena. Belkis, aliyeitwa kukitazama chuma, akatoka chumba cha upasuaji nacho kikiwa kwenye sinia.

"Kimetoka kwa vidole viwili, kama kokwa ya parachichi lililoiva. Mfupa haukukishika popote. Na wenyewe umelika, hakuna pa kutia kingine." Akakigeuza kwenye mwanga. "Dada Odalis, mimi sikukipitisha kiking'aa hivi."

"Kilikuwa kinakwaruza," Odalis akasema.

Belkis akaketi kwenye benchi.

Wodini, Yanelis alifumbua macho, midomo imekauka.

"Wametia kingine?"

"Hapana, mwanangu. Hutakanyagia tena mguu huo. Kile cha kwanza nilikisugua mimi. Nilidhani nakuhurumia."

Yanelis alimtazama mpaka Odalis akainamisha macho. Kisha akamwita nesi amnyweshe maji, na kikombe kimo mkononi mwa mama yake.