Mbuzi wa Mzee Parsimei na Majina Niliyoambiwa Nifute

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo sijaisahau. Ilikuwa siku ya mnada kule Bisil, jua la utosi, vumbi la ng'ombe limetanda kila mahali, nami nimeketi kwenye jiwe kando ya zizi nikimweleza mzee mmoja shida yangu. Nilitegemea anihurumie. Hakunihurumia hata kidogo. Lakini ngoja nikupeleke polepole, maana nyinyi vijana mnapenda kurukia mwisho kabla hata chai haijamiminwa.

Wakati huo nilikuwa mwanamke kijana, nimetoka Bungoma na cheti changu cha kompyuta, tumepanga nyumba Kitengela mimi na mume wangu Wekesa, aliyekuwa mwalimu. Kitengela ya miaka ile haikuwa hii ya maghorofa. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi uling'ang'ania viatu hadi mtu akaviacha hapo hapo akaenda kazini miguu mitupu. Niliajiriwa na kichinjio kimoja, nishughulikie kompyuta za mizani. Mfugaji akileta ng'ombe, ng'ombe anapandishwa kwenye mizani, kompyuta inaweka uzito na jina la mwenyewe. Kazi ilikuwa hiyo tu.

Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo ilikuwa balaa, kwa sababu programu zetu zote zilikuwa za kunakili, za wizi, tuseme ukweli, na virusi vilijaa humo kama kupe. Mashine ingekwama katikati ya kazi, ng'ombe wako juani wanalia, wenyewe wameegemea fimbo zao wananitazama dirishani bila kusema neno. Kama hujawahi kutazamwa hivyo na wazee wa Kimaasai kutoka asubuhi hadi saa nane, wewe hujui kutazamwa.

Ndipo jamaa mmoja niliyesoma naye akaniletea sidii ya Linux, programu ya kuendeshea kompyuta. Akaniambia, hii hata ukinakili si wizi, wenyewe wamesema nakili. Nilimcheka. Nani anatoa kitu cha maana bure? Lakini nilikuwa nimechoka kutazamwa, nikaiweka, na mashine ikatulia. Nikaanza kwenda saiba, kule kwa kulipia intaneti, kila nikipata nafasi, na huko nikakuta programu ya kupima mifugo. Mzee mmoja wa nchi za mbali aliianza kwa ajili ya kondoo wake, wengine wakaongeza hiki na kile, na yale maandishi yote ambayo fundi huandika ili kompyuta ijue la kufanya yalikuwa wazi, yeyote asome, yeyote arekebishe. Masharti yalikuwa machache. Tumia, badilisha, hata ukitaka uza. Ila majina ya waliotangulia usiyafute, na ukimpa mwingine, mpe ikiwa wazi vile vile ulivyoipata.

Niliwaandikia wale watu kwa Kiingereza changu cha kuunga-unga, na wakanijibu, mwanangu, watu ambao hawakunijua kwa sura wala kwa kabila. Kuna mama mmoja alinishika mkono hadi ile programu ikakubali kuongea na mizani yetu. Mimi nami nikaongeza changu. Huku kwetu mtu mmoja huleta ng'ombe wa shemeji, wa mama mkwe na wa jirani pamoja na wake, kwa hivyo nikaweka mahali pa kutenganisha kila mnyama na mwenyewe. Ule ugomvi wa kila siku kwenye mizani, nani mwenye ng'ombe yupi, ukaisha. Wazee wakaanza kunisalimia.

Mmoja wao alikuwa Mzee Parsimei wa Bisil. Huyu alipenda kuja dirishani kwangu na kutazama namba zikiruka kwenye skrini, ingawa kusoma hakujua. Nilipojifungua binti yangu wa kwanza, alifika nyumbani na mbuzi jike. Akaniambia kuanzia siku hiyo ataniita Pakine, na mimi nimwite Pakine. Nilidhani ni utani. Kumbe ni desturi yao. Aliyetoa mbuzi na aliyepewa huacha majina yao, wakaitana kwa huyo mbuzi maisha yao yote. Ng'ombe ana jina lake, kondoo ana lake, na la mbuzi ndilo hilo. Basi tukawa Pakine na Pakine, na watu wa kichinjio wakacheka wakazoea.

Siku moja aliniuliza hiyo kitu ya kompyuta nilinunua wapi. Nikamwambia sikununua, nilipewa. Akafikiri kidogo, akauliza, na huyo aliyekupa mnaitana nani? Mimi nikacheka, nikaendelea na kazi.

Sasa, mkurugenzi wetu, Bwana Musyoka. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Lakini alisikia vichinjio vingine vinaitamani ile programu yetu, na macho yakamtoka. Akaniita ofisini, akaniagizia soda. Ukiona bosi anakuagizia soda, jua kuna jambo. Akasema kesho kutwa wageni wanakuja kuiona. Kabla hawajafika, nifute majina yote ya wale watu, niweke la kampuni, kisha nifungie maandishi yasionekane na mtu. Tutasema imetengenezwa hapa. Nikifanya hivyo nitakuwa mkuu wa idara. Nisipofanya, mtaani kumejaa vijana wenye vyeti.

Nilijaribu kumwelewesha. Nikamwambia tunaweza kuuza kazi yetu, kuwawekea, kuwafundisha, hakuna anayekataza hayo. Aliniacha niongee hadi nikaishiwa.

"Nani atajua?" akaniuliza. "Huyo mzee wa kondoo atapanda ndege aje Kitengela?"

Nilirudi nyumbani kichwa kinaniwanga. Wakati huo shule aliyofundisha Wekesa ilikuwa imefungwa kabisa, yeye yuko nyumbani anazunguka kutoka kiti hadi dirisha, nami nina mimba ya pili. Mshahara uliokuwa unaingia pale ni wangu peke yake. Nilipomweleza, hata hakuinua kichwa. Alisema nifute, majina hayapikwi. Sikumlaumu. Nilikuwa naogopa kama yeye, labda kumzidi, kwa sababu mimi ndiye ningepigwa kalamu.

Kesho yake nikatumwa Bisil na pikapu ya kampuni, mizani ya kule ilikuwa inasumbua. Ndipo nikamkuta Mzee Parsimei, nikaketi kwenye lile jiwe, nikamwaga yote. Nilitaka anitulize. Nilitaka mtu mzima mmoja aniambie kazi ni kazi, nikalale.

Akaniuliza kama hao watu wamewahi kuninyima kitu. Nikasema hapana. Akauliza wanataka niwalipe? Nikasema hapana, wanataka tu majina yao yabaki na nisifungie wengine. Akachora ardhi kwa fimbo.

"Ile mbuzi yangu," akasema. "Ukiambia watu ulinunua sokoni, mimi nitakuita nini?"

Nilikasirika. Nilimwambia, Mzee, hiyo ni mbuzi na hii ni kazi, mimi niko na mtoto na mwingine njiani, wewe uko na ng'ombe zako. Nilimjibu vibaya, mbele ya watu. Yeye hakupandisha sauti. Alisimama, akakung'uta shuka yake, akaniangalia kama mtu anayemwona mgeni wa ofisi.

"Sawa," akasema. "Safari njema, Madam."

Madam! Tangu binti yangu azaliwe hakuwahi kuniita hivyo. Neno dogo, la heshima kabisa, na liliniuma kuliko angenitukana. Njia nzima hadi Kitengela niligombana naye kichwani, nikimshinda kwa kila hoja, na bado nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshindwa. Nilifungua mashine, nikayatazama yale majina. Nikaweka kidole. Nikatoa kidole. Nikaenda kupika.

Siku ya wageni ikafika. Wanaume wenye suti, na mama mmoja mwenye kichinjio kidogo upande wa Illasit, Mama Naserian, mwenye kuvaa lesso juu ya koti na asiyependa maneno mengi. Nje wafugaji wamepanga foleni na wanyama wao, na dirishani, mahali alipozoea kusimama kila akileta mifugo, Mzee Parsimei. Hakunisalimia. Bwana Musyoka akaninong'oneza, umemaliza? Nikajibu iko tayari, naye akatabasamu.

Ng'ombe wakapanda, namba zikatoka sawasawa, majina ya wenyewe yakakaa mahali pake. Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mama Naserian akauliza nani ametengeneza hii kitu.

Bwana Musyoka akasema ni sisi, hapa hapa, na huyu msichana wetu ndiye fundi. Wote wakanigeukia. Nilikuwa najua vizuri kabisa ninachokaribia kupoteza. Kodi ya nyumba, maziwa ya mtoto, kitanda cha kujifungulia. Mtoto akageuka tumboni. Nikanyoosha mkono, nikafungua mahali pale yalipo majina, yote, hakuna hata moja nililogusa.

"Hawa ndio waliotengeneza," nikasema. "Mimi niliongeza kidogo tu, hapa mwishoni. Tulipewa. Na nyinyi mkitaka mtapewa vile vile, kama tulivyopewa."

Tabasamu la Bwana Musyoka lilibaki mdomoni lakini macho hayakuwepo tena. Nilisikia ng'ombe akikohoa nje. Kisha, kutoka dirishani, ile sauti.

"Takwenya, Pakine."

Hiyo ni salamu yao kwa mwanamke. Nikajibu "Iko," kama inavyojibiwa. Nililia pale pale, mbele ya wenye suti, sikuona haya.

Chai ya saa kumi haikunikuta kazini. Nilikuwa nimeshapigwa kalamu na vitu vyangu viko kwenye mfuko wa plastiki. Usije ukadhani nilitembea nikiimba. Tulikula sukuma wiki hadi mtoto akaikataa. Wekesa hakunisemesha kwa muda mrefu, na akinisemesha ni kuuliza chumvi iko wapi. Kuna usiku nilijiona mjinga wa mwisho Kajiado nzima.

Halafu Mama Naserian akatuma mtu aniite. Nilipofika hakunipa hata kiti. Akaniuliza, kama hiyo programu ni ya bure, nikulipe wewe ya nini? Nikamwambia unilipe ya kuja ikikwama, na ya kuwafundisha watu wako hadi siku moja wasinihitaji. Akacheka kweli kweli, akasema hajawahi kuona fundi anayetafuta kutohitajika. Akanipa kazi. Kutoka Illasit nikaenda Bisil, kutoka Bisil nikafika hadi Ewuaso Kedong, mtoto mgongoni na sidii mkobani. Wekesa mwenyewe akawa mwalimu wa wale ninaowawekea mashine, na siku hizi husimulia kana kwamba alikuwa upande wangu tangu mwanzo. Mimi humwacha.

Nilichoongeza kwenye ile programu niliwarudishia wale watu wa mbali, wakaniambia niweke jina langu chini ya mengine. Nikaliweka, na mbele yake nikaandika Pakine, Bisil. Nikamwita Mzee aje aone. Alitazama skrini kwa makini, akaniuliza hapo ni yeye ama ni mimi. Nikamwambia ni sisi wote wawili. Aliridhika.

Sasa ametutoka, Mungu amlaze pema. Miaka baada ya kumzika, niliandikiwa na kijana wa nchi ambayo mimi huiona kwenye ramani tu. Anatumia ile programu kupima mbuzi wa mama yake, ameona lile jina, anauliza Pakine ni nani. Nikamweleza yote, kama ninavyokueleza wewe. Alinijibu kwa mstari mmoja. Aliandika, "Asante sana, Pakine."

Basi mwanangu, nikuambie wazi, usije ukasema mama alizunguka tu. Hiyo simu mkononi mwako, hizo mashine za ofisi unakokwenda kuajiriwa, zimejaa kazi za watu waliotoa bila kukuuliza wewe ni mtoto wa nani. Chukua. Tumia, fanya biashara, ule, ulipe karo, hakuna ubaya. Lakini sema ulipewa na nani, na ukimpa mwingine usimfungie mlango uliokuta uko wazi. Iko siku mkubwa wako atakuuliza nani atajua. Siwezi kukuahidi kwamba ukikataa utampata Mama Naserian wako, maana mimi mwenyewe sikujua kama nitampata. Huenda ukala sukuma wiki mwaka mzima. Nakuomba ukatae hata hivyo, kwa sababu nilijaribu kulala na lile neno Madam usiku mmoja tu na sikuweza.

Nenda salama. Enkai, kama Mzee alivyomwita Mungu, akutangulie huko uendako, mikono yako isikose kazi, na watoto wako wasilale njaa kwa ajili ya ukweli wako. Na wote waliowahi kukupa kitu, wakikuona kwa mbali, wawe bado na jina la kukuita.